MKONO ULIOSAHAULIWA
Kambi za likizo kwa watoto wenye udhaifu wa mkono mmoja, na yale yawezayo kufanywa Nairobi

Wazee walisema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kuwahimiza watu washirikiane, lakini wako watoto ambao kwao maneno hayo ni ya kweli kama yalivyo, bila fumbo lo lote. Mtoto wa namna hii amezaliwa na mikono miwili kama wenzake, lakini mmoja tu ndio ufanyao kazi. Wa pili huning'inia ubavuni au hukunjwa kifuani, kiganja kimefumbwa na kidole gumba kimejificha ndani. Akitaka kufungua chupa ya maji, huibana katikati ya mapaja. Akitaka kufunga vifungo vya shati la shule, humngojea mama yake. Akipanda matatu pale Odeon, mkono wake mzima hushika chuma, na wa kutolea nauli hana.

Watoto hao wako Kangemi, Kawangware, Dagoretti na Westlands, kama walivyo katika kila mji wa dunia. Wengi wao hutembea, husema, hucheza, na huenda shule. Udhaifu wao haushtui macho kama wa yule asiyeweza kusimama, na kwa sababu hiyo husahaulika upesi. Hospitali ina wagonjwa wazito zaidi wa kuangaliwa. Mwalimu aona kwamba mtoto aandika vizuri kwa mkono mzima, naye huridhika. Jamaa nao husema, "Tumshukuru Mungu, huo mmoja unatosha."

Lakini mmoja hautoshi. Na habari iliyo njema ni kwamba, katika miaka ya karibuni, wataalamu wa nchi mbalimbali wamethibitisha kuwa mkono ulio dhaifu unaweza kufundishwa kazi, si kwa dawa ya ghali wala kwa kisu cha daktari, bali kwa michezo mingi, iliyopangwa vema, kwa saa nyingi, katika siku chache za likizo.

ASILI YA UDHAIFU

Kwanza yafaa kujua udhaifu huu watoka wapi, maana hapa ndipo uvumi mwingi huanzia. Mara nyingi ubaya hauko mkononi hata kidogo. Mifupa ni mizima na nyama ni nzima. Ubaya uko katika ubongo. Mwenyezi Mungu ameuumba ubongo kwa namna ambayo upande wake wa kushoto ndio uuamrishao mkono wa kulia, na upande wa kulia huuamrisha mkono wa kushoto. Upande mmoja ukiumia, mkono na mguu wa upande wa pili hukosa amri zilizo sawa. Hali hii ni namna moja ya ugonjwa uitwao mtindio wa ubongo.

Ubongo huweza kuumia kwa njia nyingi. Wako watoto waliopata kiharusi wangali tumboni mwa mama au siku chache baada ya kuzaliwa, kwa kuwa mshipa wa damu kichwani uliziba. Wako waliougua homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Nairobi yenyewe iko juu, penye baridi, na malaria si nyingi. Lakini mtoto wa Nairobi apelekwaye likizo kwa babu yake kando ya Ziwa Victoria aweza kuipata huko. Wako pia wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao katika Kenya huonekana zaidi katika jamaa zenye asili ya kando ya Ziwa na ya Pwani. Mtoto mwenye seli mundu aweza kupata kiharusi akiwa bado mdogo sana. Mdomo wake ukienda upande, au mkono wake ukilegea ghafla, hapana nafasi ya kungoja kesho. Ni hospitali saa ile ile.

Iko namna nyingine isiyotoka katika ubongo. Wakati wa uzazi mgumu, bega la mtoto likikwama, mishipa ya fahamu ipitayo shingoni kwenda mkononi huweza kuvutwa hata ikaumia. Mtoto huyu naye apaswa kuonekana na daktari mapema, maana baadhi ya mishipa hiyo hupona yenyewe na mingine huhitaji kutengenezwa kabla wakati haujapita.

Katika habari hizi zote hapana palipotajwa jicho la mtu, laana ya ukoo, wala dhambi ya mama. Mwaka 1901, hospitali ambayo leo huitwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilipoanza na vitanda 40, madaktari hawakuwa na njia ya kuutazama ubongo wa mtoto aliye hai. Leo ubongo huweza kupigwa picha, na mahali palipoumia huonekana kwa macho.

DALILI AMBAYO WAZAZI HUIDHANI NI SIFA

Mtoto mchanga aliye mzima hutumia mikono yake yote miwili karibu sawasawa katika mwaka wake wa kwanza. Akianza kupendelea mkono mmoja kabla ya kutimiza miezi 12, mara nyingi jamaa hucheka na kusema kuwa huyu atakuwa mashoto, au kwamba ni mwepesi kuliko watoto wengine. Sivyo. Hiyo ni dalili ya kutosha kumpeleka kwa daktari. Kadhalika mtoto afumbaye ngumi moja daima, au atambaaye kwa kuuburuta upande mmoja, yafaa atazamwe.

Kisha kuna jambo la adabu, ambalo limewaumiza watoto wengi bila mtu kukusudia. Katika nchi hizi, mtu hula kwa mkono wa kulia, hutoa kwa mkono wa kulia, na husalimu kwa mkono wa kulia. Basi mtoto ambaye mkono wake dhaifu ndio wa kulia hana budi kuutumia wa kushoto. Akimpa mgeni kikombe cha chai, hugombezwa mbele ya watu. Baada ya kugombezwa mara nyingi huacha kutoa cho chote kwa mtu ye yote, na hukaa pembeni wageni wajapo. Mzazi mwenye busara huwaeleza jamaa mapema, kwa maneno machache: "Mkono wake wa kulia unaugua, anatoa kwa ule alio nao." Heshima ya mtoto haikai mkononi.

JINSI MKONO USAHAULIWAVYO

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa ubongo ndio ulioumia, michezo itausaidiaje mkono? Jawabu lilipatikana kwa njia isiyotazamiwa. Mtaalamu wa Marekani aitwaye Edward Taub alichunguza kima ambao mishipa ya hisia ya mkono mmoja ilikuwa imekatwa. Kima hao waliuacha kabisa mkono ule, ingawa mishipa ya kuuendesha ilikuwa ingali mizima. Lakini mkono wao mzima ulipofungwa usiweze kutumika, walianza kuutumia ule waliokuwa wameuacha. Basi ikajulikana kuwa uvivu wa mkono ule ulitoka katika mambo mawili: ugonjwa wenyewe, na mazoea ya kutoutumia. Kima alijaribu mara kadhaa, akashindwa, akajifunza kwamba mkono ule haufai, akauacha.

Mtoto naye hufanya vivyo hivyo. Akiwa na mwaka mmoja hunyosha mkono dhaifu kuchukua ndizi, na ndizi humponyoka. Hunyosha ule mzima, na huipata. Hana haja ya kujaribu tena. Siku zapita, miezi yapita, na kila siku mkono mzima huongeza ustadi hali mwenzake husahauliwa. Na ubongo una desturi kama ya mwenye shamba: sehemu isiyolimwa humwachia jirani.

Hapo huongezeka jambo jingine, nalo ni huruma ya nyumbani. Mama humvisha. Dada humkatia mkate. Bibi humlisha hata akiwa na miaka saba. Wote wafanya hayo kwa upendo, lakini kila kazi wanayomfanyia ni kazi iliyonyang'anywa mkono ule. Wengine humkanda mtoto kwa mafuta kila jioni na kuuvuta mkono unyoke. Kukanda si kubaya, na mtoto hupata raha. Lakini mkono ukandwao hukaa kimya na kufanyiwa. Kazi haifundishwi kwa kufanyiwa. Hufundishwa kwa kuifanya.

KAMBI ZENYEWE

Taub na wenzake wa chuo kikuu cha Alabama, katika mji wa Birmingham, waliitumia elimu hiyo kwanza kwa watu wazima waliopata kiharusi. Kisha, mwaka 2004, walitangaza habari za watoto 18 wenye mtindio wa ubongo. Mkono mzima wa mtoto ulitiwa katika plasta nyepesi, na ule dhaifu ukafundishwa kwa michezo saa 6 kwa siku, siku 21 mfululizo. Watoto waliopata mafunzo hayo walipata, kwa wastani, ustadi mpya zaidi ya 9. Wenzao waliopata matibabu ya kawaida walipata 2 hivi.

Lakini plasta ya majuma matatu ni mzigo kwa mtoto, na kazi ya saa sita pamoja na mtaalamu peke yake yachosha wote wawili. Ndipo wataalamu wakageukia kambi za mchana. Kambi hizi hufanywa mara nyingi wakati shule zimefungwa. Katika nchi za kaskazini huwa ni katika majira ya joto. Mtoto hufika asubuhi, hucheza pamoja na watoto wenye udhaifu kama wake, hula chakula cha mchana, na jioni hurudi nyumbani kwao. Hatuoni hapo kitanda wala harufu ya dawa.

Katika chuo kikuu cha Columbia, mjini New York, Andrew Gordon na Jeanne Charles walitengeneza namna ambayo mkono mzima haufungwi kabisa. Badala yake, mtoto hupewa kazi na michezo isiyowezekana ila kwa mikono miwili. Kila mtoto huwa na mtu wake wa kumwongoza, na wengi wa waongozaji hao ni wanafunzi wa vyuo waliofundishwa kazi hiyo. Huko Brisbane, Australia, Leanne Sakzewski na wenzake walifanya kambi za mfano wa sarakasi: watoto walijifunza michezo ya sarakasi kwa siku 10, saa 6 kila siku. Mjini London watoto wamefundishwa viinimacho. Mtu hawezi kuficha sarafu, kufungua fundo, au kukunja karata kwa ujanja bila mikono miwili kupatana. Na mtoto aliyezoea kuonewa huruma hurudi nyumbani akijua jambo ambalo baba yake halijui.

Palikuwa na ubishi kati ya wataalamu: je, ni heri kuufunga mkono mzima, au kufundisha mikono yote miwili pamoja? Mwaka 2011 majibu yalitoka pande mbili. Gordon aliwalinganisha watoto 42 waliopata saa 90 za mafunzo, na Sakzewski watoto 63 waliopata saa 60. Katika yote mawili, watoto wa njia zote mbili waliendelea vizuri, na tofauti kati ya njia na njia ilikuwa ndogo. Basi jambo kubwa si kamba wala glavu. Jambo kubwa ni wingi wa saa ambazo mkono dhaifu umetumika, kwa kazi yenye maana kwa mtoto mwenyewe, inayozidi kuwa ngumu kidogo kidogo.

HESABU YA NAIROBI

Sasa na tuitazame Nairobi kwa hesabu hiyo. Mama akaaye Kawangware ampeleka mtoto kwenye mazoezi mara moja kwa juma. Hupanda matatu asubuhi, hungoja zamu yake, mtoto hufanyishwa mazoezi kwa nusu ya saa, nao hurudi alasiri. Siku nzima ya kibarua imekwenda. Kwa mwendo huo, saa 90 zitatimia baada ya majuma 180, yaani zaidi ya miaka mitatu, ikiwa mama hatakosa hata juma moja kwa mvua, kwa ugonjwa, au kwa kukosa nauli. Katika kambi, saa 90 hutimia kwa siku 15.

Hesabu hii haiwalaumu wataalamu wa hospitali, ambao ni wachache na wagonjwa wao ni wengi. Inaonyesha tu kuwa nusu ya saa ile haiwezi kuwa ndiyo matibabu yenyewe. Nusu ya saa ile ni mahali pa kupokea maagizo. Matibabu yenyewe hayana budi kufanywa kwingine.

Na likizo ya Agosti katika shule za Kenya ina majuma kama matatu. Siku za kazi katika majuma matatu ni 15. Ni kana kwamba kalenda ya shule ilipangwa kwa ajili ya jambo hili. Wakati huo madarasa ni matupu, kumbi za makanisa na za misikiti aghalabu hazina kazi mchana, na ndugu wakubwa wa mtoto wako nyumbani.

Watu wa kuongoza nao hawakosekani. Karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kiko Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, ambacho kilianza mwaka 1927, na ambacho hufundisha wataalamu wa mazoezi ya viungo na wale wamfundishao mgonjwa kufanya tena kazi zake za kila siku. Kando ya Waiyaki Way, upande wa Westlands, kipo chama cha walemavu wa viungo kijulikanacho kwa herufi APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, siku ambazo ugonjwa wa kupooza wa polio ulikuwa ukiwatisha wazazi wote. Wanafunzi kumi wa chuo, ukumbi mmoja wa Kangemi, mtaalamu mmoja wa kuwasimamia, na watoto kumi: hiyo ni kambi kamili. Haihitaji mashine hata moja.

VYOMBO VYA KAZI

Vyombo vya kambi ya Nairobi viko sokoni na jikoni. Kusukuma chapati ni kazi ya mikono miwili tangu kukanda unga mpaka kugeuza mti wa kusukumia. Kupukuchua mahindi kwahitaji mkono mmoja kushika gunzi na mwingine kusukuma punje. Kumenya njegere, kuchambua sukuma wiki, kukamua nguo, kumimina uji kutoka kikombe hata kikombe, yote ni mafunzo. Mtoto mdogo apewe vizibo vya chupa avipange katika mkebe, au kurasa za gazeti la zamani azirarue vipande. Aliye mkubwa zaidi na afundishwe kutengeneza gari la waya: mkono mmoja washika, mwingine wapinda, na mwisho wa siku ana gari la kuwaonyesha wenzake. Kwa wapendao mashindano yako bao na gololi, na mpira wa matambara ushikwao kwa viganja viwili.

Ziko kanuni chache za kukumbuka. Kazi isiwe nyepesi hata imchoshe mtoto kwa uvivu, wala ngumu hata imvunje moyo. Akiweza kushika kikombe kitupu, kesho kiwekwe maji kidogo. Asifiwe kwa kujaribu, si kwa kufaulu peke yake. Achaguliwe kazi anayoitaka mwenyewe: mmoja atataka kujifunga kamba za viatu, mwingine atataka kuendesha baiskeli, na wa tatu atataka tu kujivisha suruali bila dada yake kuona. Mtu aliye karibu asiitwae kazi mkononi mwake kwa sababu anachelewa. Kungoja ni sehemu ya dawa, na pengine ndiyo sehemu iliyo ngumu zaidi kwa mzazi.

Familia isiyo na kambi karibu nayo isikate tamaa. Huko Sweden, Ann-Christin Eliasson na wenzake waliwapa watoto glavu ya kuzuia mkono mzima kwa saa 2 tu kila siku, kwa muda wa miezi miwili, katika mazingira yao ya kila siku, nao waliendelea. Kwa watoto wachanga walitumia nusu ya saa kwa siku, mzazi mwenyewe akicheza na mtoto chini ya maagizo ya mtaalamu. Na mwaka 2009 Iona Novak wa Australia alionyesha kwamba mazoezi ya nyumbani, yakiwa na shabaha iliyochaguliwa na wazazi na kusimamiwa na mtaalamu, yaliwasaidia watoto katika muda wa majuma 8. Saa 2 kwa siku nyumbani Dagoretti, kwa siku 45, ni saa 90 zile zile. Haba na haba hujaza kibaba.

MAMBO YA KUHADHARI

Hata hivyo si vema mzazi asomaye habari hizi akimbilie kamba jioni hii hii. Kumfunga mtoto mkono bila maagizo kwaweza kumdhuru, na kwaweza kumfanya auchukie mkono wake dhaifu zaidi ya kwanza. Kwanza mtoto aonekane na daktari, ijulikane udhaifu watoka katika ubongo au katika mishipa ya begani. Kisha mtaalamu apime ni kiasi gani mkono waweza kujongea, maana mkono usioweza kujongea hata kidogo wahitaji mpango mwingine.

Glavu au kitambaa hakivaliwi usiku, wala mtoto akipanda ngazi, akivuka barabara, au akikimbia, kwa kuwa akianguka hana cha kujizuia. Mtoto mwenye kifafa apaswa kuangaliwa kwa uangalifu zaidi, na asikose dawa zake siku za kambi. Mchanga asifungwe kamwe bila mtaalamu kuagiza. Akilia kwa hasira siku ya kwanza, hilo ni la kawaida. Akilia siku ya tatu na ya nne, mpango wenyewe ndio wenye kosa, si mtoto.

Wala mtu asitazamie miujiza. Kambi haiondoi jeraha lililoko kichwani. Mkono dhaifu hautaandika kama mwenzake, na si shabaha yake. Shabaha ni kuufanya uwe msaidizi mwema: ushike karatasi mwenzake aandikapo, ushike kitunguu mwenzake akatapo, ushike chuma cha matatu mwenzake atoapo nauli. Na ustadi uliopatikana katika kambi utapotea mtoto akirudi kufanyiwa kila kitu. Kambi ni mlango. Nyumba yenyewe ni maisha ya kila siku.

HAKI YA MTOTO

Liko jambo moja zaidi. Watafiti waliohesabu watoto wa wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, walitangaza mwaka 2017 kwamba watoto karibu 3 katika kila 1000 walikuwa na mtindio wa ubongo wa namna moja au nyingine. Hawa si wachache. Wakiwa hawaonekani, ni kwa sababu wamewekwa ndani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu pamoja na vifaa vya kumsaidia. Sheria ya mwaka 2003 ndiyo iliyoliweka Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo huwaandikisha wahusika baada ya kupimwa hospitalini. Vituo vya kuwapima watoto kwa ajili ya masomo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Mzazi na avitumie. Kumwandikisha mtoto si kumpiga mhuri wa aibu. Ni kumfungulia njia.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mtoto wa namna hii akae mahali ambapo mkono wake dhaifu waweza kulala juu ya dawati, usifichwe chini yake. Apewe kazi ya kugawa vitabu na kufuta ubao kama wengine. Asisamehewe bustani wala mpira kwa sababu ya huruma. Atafutiwe namna yake ya kuvifanya.

Likizo hupita upesi. Mtoto wa miaka sita ana likizo ya Agosti moja tu kabla ya kutimiza saba, na kila mwaka upitao mkono ule huzidi kuzoea kukaa kimya. Basi wazazi wa Kangemi na Kawangware, na viongozi wa makanisa, misikiti na shule za pande hizo, yafaa waulizane mapema: ukumbi upi utakuwa mtupu, kijana yupi atakuwa nyumbani, mtaalamu yupi wa hospitali aweza kuja walau siku ya kwanza kuonyesha njia? Kikao kimoja cha watu watano chatosha kuanza. Unga wa chapati, gunzi za mahindi na waya wa magari ya watoto havijapata kukosekana Nairobi.